Aina za Mitandao ya Kompyuta, na Siku Kebo Ilipokatika Baharini

Najua nimewatupa kwa muda. Kazi zilinizidi, na nikisema ukweli, uvivu nao ulikuwepo kidogo. Leo nimerudi kwa sababu ya swali la shule.

Binti ya dada yangu anasomea diploma ya teknolojia ya habari hapa mjini. Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, alinitumia picha ya swali alilopewa: "Eleza aina NNE za mitandao ya kompyuta, ukitoa mfano wa kila moja. Alama 10." Chini yake akaandika: "Anko nisaidie, ni ya kesho." Ya kesho! Hawa watoto.

Basi nikafukua daftari langu la mwaka wa kwanza chuoni, ambalo bado ninalo kwa sababu mama yangu hatupi kitu chochote chenye maandishi. Ukurasa ulikuwepo. Nilichora miduara minne, mmoja ndani ya mwingine, kama sufuria zinavyopangwa kabatini. Mdogo kabisa ni PAN, mtandao wa mtu mmoja na vifaa vyake. Unaofuata ni LAN, mtandao wa jengo moja au boma moja. Kisha MAN, wa mji mzima. Wa nje kabisa ni WAN, unaovuka mikoa, nchi na bahari. Kando ya kila mduara nimeandika umbali: mita 10, jengo, mji, dunia. Nilipata alama zote siku ile.

Nilikuwa karibu kumpigia picha ukurasa ule nimtumie, nilale. Lakini nikakumbuka Jumatatu moja ya Mei 2024, pale mtaa wa Langas, nilipokuwa na LAN safi kabisa ambayo haikumsaidia mtu yeyote. Nikamwambia asubiri kidogo. Niliyomwandikia yalikuwa marefu kuliko alivyotaka, na haya hapa ni marefu zaidi.

Tuanze na ya darasani tuyamalize. PAN ndiyo ile simu yako inayozungumza na vifaa vya masikioni kwa Bluetooth. (Jina hilo, kama hujui, lilitokana na mfalme wa zamani wa Denmark, Harald Bluetooth. Wahandisi nao wana mambo yao.) Wenzangu tuliosoma sekondari miaka ya 2010 tunaijua PAN vizuri: mnakaa kiti cha nyuma cha matatu ya Kapsabet, simu mbili zimegusana, wimbo mmoja unavuka kwa dakika mbili na hakuna anayelipa bando. LAN ni kompyuta zilizounganishwa kwa nyaya kwenye swichi moja, au kwa waifai ya ruta moja. Teknolojia yake kubwa, Etheneti, ilianza mwaka wa 1973 kwenye maabara ya Xerox PARC kule California, kazi ya Robert Metcalfe na wenzake. Waya wa kawaida wa shaba unaotumika leo hufika mita 100, ukizidisha hapo unajitafutia shida. Mtaulizwa pia kuhusu maumbo: nyota, basi, pete. Kwa kazi ya kila siku utakutana na nyota tu, hayo mengine yajibu kwenye mtihani uyaache hapo hapo.

MAN nitaifikia. WAN ndiyo hadithi yenyewe.

Mwaka wa 2022 nilipata kazi ya kuandikia kliniki moja ya kibinafsi programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Kliniki si kubwa. Ina vyumba viwili vya daktari, maabara, duka la dawa, mapokezi, na chumba cha hesabu ambacho kusema kweli ni kabati lenye dirisha. Kompyuta sita. Mimi na fundi mmoja tulipitisha nyaya wenyewe juu ya dari, siku mbili tukiwa tumejaa vumbi na utando wa buibui. Tulizibana ncha moja moja na kupima kila waya. Swichi ikawekwa ukutani juu ya mlango wa maabara. Taa zake zilipowaka kijani zote sita nilipiga picha, ninayo mpaka leo.

Kisha likaja swali la mahali pa kuweka data. Daktari mwenye kliniki ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliniuliza, "Sasa kijana, haya mafaili ya watu yatakaa wapi?"

Nikamjibu kwa fahari, "Kwa wingu, Daktari."

Akaangalia nje dirishani, mvua ilikuwa inakuja kama kawaida ya alasiri za hapa. Akasema, "Wingu la Eldoret huwa halikai na kitu. Linamwaga."

Tulicheka. Ningemsikiliza.

Sababu zangu hazikuwa za kijinga. Stima ya hapa hupotea. Kompyuta iliyowekwa chini ya meza inaweza kuibiwa, kuloa au kupigwa na radi. Kukodi seva nje ni rahisi, inaangaliwa usiku na mchana na watu wenye jenereta kubwa kuliko kliniki yote. Nikakodi seva iliyokuwa Afrika Kusini, kwa sababu ni karibu kuliko Ulaya na majibu yalirudi haraka. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia Daktari: nilitaka kuonekana wa kisasa. Mtu akiniuliza nimejenga nini, nilitaka kusema "iko kwenye wingu." Kusema "iko chini ya meza pale mapokezi" hakukuwa na utamu.

Miaka miwili karibu programu ilifanya kazi bila kelele. Mama wa mapokezi, ambaye alikuwa ameandika kwenye vitabu vikubwa vya kaunta kwa miaka mingi kabla sijazaliwa katika ufundi huu, aliizoea. Lakini kitabu chake hakukiacha. Kila mgonjwa akimwingiza kwenye kompyuta, anamwandika pia kitabuni: jina, saa, namba. Nilimwambia mara nyingi, "Mama, hiyo ni kazi mara mbili." Akawa ananijibu, "Sawa Injinia," na anaendelea kuandika.

Sasa Mei 2024. Mnaikumbuka ile miezi: mafuriko, barabara zimekatika, na Ijumaa tarehe 10 ikatangazwa sikukuu ya kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Kwa hiyo wikendi ikawa ndefu, na Jumatatu tarehe 13 foleni ya kliniki ilitoka hadi nje kwenye baraza. Jumapili yake, tarehe 12, kebo mbili za baharini zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, EASSy na Seacom. Nilikuwa nimeiona habari hiyo kwenye simu yangu ikifunguka polepole, nikafikiri juu ya video za YouTube. Kliniki haikunijia akilini hata kidogo.

Saa mbili asubuhi simu ikaita. "Injinia, hii kitu inazunguka tu." Nikachukua boda boda.

Nataka muelewe nilichokiona, kwa sababu ndicho kiini cha jambo hili. Swichi ilikuwa na taa sita za kijani. Nilikaa mapokezi, nikatuma amri ya pingi kwa kompyuta ya duka la dawa: jibu likarudi chini ya milisekunde moja. Maabara, hivyo hivyo. Vyumba vya daktari, hivyo hivyo. LAN yangu ilikuwa na afya kuliko watu wote waliokuwa kwenye lile jengo. Halafu nikapingi seva. Kimya. Nikajaribu tena. Kimya, kisha jibu moja limechelewa, kisha kimya. Na kila skrini kwenye jengo lile ilionyesha kiduara kinachozunguka.

Kutoka mapokezi hadi duka la dawa ni hatua nne. Lakini mapokezi ikitaka kuliambia duka la dawa kwamba fulani ameandikiwa dawa fulani, ujumbe huo ulitoka Langas, ukaenda Nairobi, ukashuka Mombasa, ukazama baharini hadi Afrika Kusini, kisha ukarudi njia hiyo hiyo yote ili uvuke hatua nne. Mimi ndiye niliyeuchora mpango huo, tena nilitumia rangi tatu.

Mama wa mapokezi hakusema neno. Alifungua kitabu chake, akapiga miwani juu, foleni ikaanza kusonga. Kwa watu wengi hilo lilitosha. Mwenye homa alipimwa, mwenye kidonda alifungwa.

Kisha akaingia Kogo mmoja na mjukuu wake wa miaka sita hivi, koo limevimba, mtoto hawezi hata kumeza mate. Daktari alimwangalia akataka kumwandikia sindano. Kogo akasema kwamba kuna dawa moja, mwaka uliopita, hapa hapa, ilimvimbisha mtoto midomo na mwili wote ukatoka vipele. Dawa gani? Hakujua. Ilikuwa sindano au ya kunywa? Alifikiri zote mbili. Mama mzazi alikuwa kazini Saudia na simu yake haikupatikana.

Daktari akaniita. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Mimi ndiye niliyeandika ile siku. Najua niliandika. Nionyeshe nilichoandika."

Kitabu cha mapokezi kilikuwa na jina la mtoto, tarehe na namba yake. Dawa havikuwa nayo vitabu vile, hiyo ilikuwa kazi ya programu. Yaani kazi yangu.

Nilifanya kitu cha kipumbavu ambacho kilifaulu. Simu yangu ina laini mbili za kampuni tofauti. Nilizima ile ya kwanza, nikawasha ya pili, nikaigeuza simu kuwa hotspoti, nikaunganisha kompyuta moja tu, ya Daktari, na kumwomba kila mtu mwingine asiguse kitu. Nafikiri trafiki ya laini ile ilikuwa inapita njia nyingine. Ukurasa ulifunguka vipande vipande, kama mtu anayevuta kamba ya kisima: kichwa kwanza, kisha jina la mtoto, kisha kwa muda mrefu hakuna kitu. Kogo alikuwa ananiangalia mimi, si skrini. Kama dakika kumi na moja hivi. Kisha mstari ukatokea, kwa mkono wa Daktari mwenyewe: penisilini, asipewe tena.

Daktari akairudisha sindano, akaandika dawa nyingine. Mtoto alipona, nisiwaache na wasiwasi. Lakini ile sindano niliiona kwenye trei.

Sasa turudi kwenye miduara yangu minne. Daftari liliniambia kwamba tofauti ya LAN na WAN ni umbali. Ni kweli, lakini umbali ndio uliokuwa na maana ndogo kabisa asubuhi ile. Tofauti iliyokuwa na maana ni hii: waya ukikatika, unamwita nani? Waya wa LAN ukikatika, ninapanda ngazi mimi. Kebo ya baharini ikikatika, meli maalumu inatafutwa, inapakia kebo mpya, inasafiri hadi mahali pale, inavua ncha mbili kutoka chini ya bahari na kuziunga. Hiyo ni kazi ya siku na wiki, na hakuna mtu Langas ambaye anaweza kuiharakisha. Mimi niliichukua kazi ya hatua nne, iliyokuwa ndani ya uwezo wa ngazi yangu, nikaikabidhi kwa meli.

Na WAN yetu Afrika Mashariki, ukiijua historia yake, ni changa sana. Kabla ya 2009 hatukuwa na kebo ya baharini ya faiba hata moja kwenye pwani yetu. Kila kitu kilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Seacom iliwashwa Julai 2009, TEAMS kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu ikaanza kazi mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010. Baadaye zikaja nyingine. Watu wa umri wangu tulikua tukidhani intaneti ya haraka ni kama hewa, wakati ni nyuzi chache tu za kioo ndani ya bahari. Mwezi wa Februari 2024 kebo kadhaa zilikuwa zimeharibika Bahari ya Shamu, upande wa kaskazini. Mwezi wa Mei zikakatika za kusini. Tulikuwa katikati, kama mtu ambaye milango yake miwili imefungwa akabaki na dirisha.

Kuna kisa kingine ambacho nilikijua tangu chuoni lakini sikuwahi kukielewa hadi siku hiyo. Miaka ya mwisho ya 1990, mtu wa Nairobi akimtumia barua pepe jirani yake aliyekuwa na kampuni nyingine ya intaneti, barua ile ilipanda setilaiti hadi ng'ambo, ikabadilishana mikono huko, ikapanda setilaiti tena kurudi Nairobi. Kwenda na kurudi kwa pakiti moja kulimaliza sekunde nzima, na kila upande ulilipia safari kwa dola. Kampuni za intaneti zikakubaliana kuweka mahali pa kubadilishana trafiki hapa nyumbani, KIXP, mwishoni mwa mwaka wa 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje wakati huo, ikalalamika, na tume ya mawasiliano ikaamuru KIXP ifungwe wiki chache tu baada ya kuanza. Ilifunguliwa tena Februari 2002. Watu walipigania zaidi ya mwaka mzima haki ya pakiti ya Nairobi kukaa Nairobi. Nami, miaka ishirini baadaye, kwa hiari yangu na kwa kadi ya benki ya kliniki, nikairudisha Kenya ile ya zamani ndani ya jengo moja.

Usiku ule sikulala. Nilifanya nililopaswa kufanya mwaka wa 2022: kusoma waliotangulia. Na hapa kuna aibu ya ziada, kwa sababu waliotangulia hawakuwa California. Walikuwa Mosoriot, ambako ukitoka Eldoret kwa matatu ya Kapsabet unapita hapo hapo Langas na kuendelea.

Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Makala yao ilichapishwa 2003, na ukiisoma leo utaona haya kwa niaba yetu sote. Hawakuwa na wingu. Walikuwa na fomu ya karatasi moja kwa kila mgonjwa, hifadhidata ya Microsoft Access pale pale kituoni, na vyanzo vya umeme vya akiba ili stima ikipotea kazi isisimame. Ndani ya miezi sita waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Microsoft Access! Ile tuliyokuwa tunaicheka chuoni.

Mbegu ile ndiyo iliyoendelea hadi mpango wa AMPATH hapa Eldoret, na mwaka wa 2004 ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo mwaka wa 2006 iliwekwa hapa kwa mara ya kwanza na sasa inatumika katika nchi nyingi duniani. Kliniki za mashambani za wakati huo zilijaza fomu za karatasi, na fomu zikasafirishwa kwa gari hadi Eldoret kuingizwa kwenye kompyuta. Mwalimu wangu asingeuita mtandao, lakini ni mtandao kabisa: una vituo, una njia, una ujumbe, na barabara ikiwa mbovu unachelewa bila kupoteza kitu. Msiucheke. Septemba 2009 kampuni moja ya Afrika Kusini ilimfungia njiwa, jina lake Winston, kadi ya gigabaiti 4 mguuni na kumshindanisha na laini yao ya intaneti hadi Durban. Njiwa alifika na data ikapakuliwa yote kabla laini haijamaliza asilimia 5.

Nilichokipenda kwa watu wa Mosoriot ni kwamba walijiuliza kwanza ni nini kitakachokosekana, kisha wakajenga bila kukitegemea. Mimi nilijenga kana kwamba hakuna kitakachokosekana.

Haya, MAN niliyoahidi. Sijawahi kumsikia mtu yeyote mjini akilitumia neno hilo. (Mjini! Samahani, jijini. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, kwa hiyo sasa MAN ni haki yetu.) Mfano mzuri ni vyuo vyenye kampasi kadhaa zilizounganishwa, KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa 1999, hufanya kazi ya aina hiyo nchi nzima. Kwa mwananchi wa kawaida MAN ni ile faiba iliyoning'inia kwenye nguzo za stima. Tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba, malori ni marefu na nyaya ni fupi, kwa hiyo ikikatika unamwita kijana mwenye ngazi na koti la rangi ya machungwa, na anafika leo au kesho. Iko katikati: si yako, lakini mwenyewe unamjua. Hayo yanatosha.

Nilichokifanya kliniki si ajabu. Nilinunua kompyuta ndogo isiyo na feni, nikaiweka pale mapokezi chini ya meza ndani ya sanduku la chuma, pamoja na betri inayoibeba saa kadhaa stima ikipotea. Kazi zote za kliniki zinaandikwa hapo kwanza. Seva ya nje niliiacha, lakini sasa ni mahali pa nakala: kila usiku, intaneti ikiwepo, yaliyobadilika yanasafiri yakiwa yamefungwa kwa ufunguo wa siri. Isipokuwepo, yanangoja. LAN inafanya kazi ya LAN, WAN inafanya kazi ya WAN.

Kuandika ni rahisi, kufanya kulinila miezi miwili, kwa sababu kliniki ina tawi dogo kule Ziwa. Data ikikaa mahali pawili, itatofautiana. Mgonjwa namba 4,012 wa Langas akawa si mgonjwa namba 4,012 wa Ziwa, na nusura niwaunganishe mzee wa sukari na mama mjamzito. Ikabidi niache namba za kufuatana na kutumia vitambulisho virefu vya kubahatisha ambavyo haviwezi kugongana. Na watu wawili wakibadilisha faili moja siku moja, programu sasa haichagui nani yuko sahihi. Inawaonyesha wote wawili kwa Daktari na kumngoja. Kwa upande wa mzio wa dawa, haifuti kamwe, inaongeza tu. Sheria hiyo niliiandika ya kwanza kabisa.

Gharama yake ni kwamba usalama wa lile sanduku sasa uko mikononi mwangu. Nikisahau kubadilisha betri, hakuna kampuni ya kulaumu. Na wako rafiki zangu wanaosema nimerudi nyuma, kwamba suluhisho lilikuwa kuongeza laini ya pili au kununua Starlink, ambayo ipo Kenya tangu Julai 2023. Laini ya pili tuliweka pia, sawa. Lakini bado sioni kwa nini jina la dawa lipande angani ili livuke hatua nne.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ya nchi ilisumbua tena vibaya. Kazi yangu haikuwa imekamilika, tawi la Ziwa lilikuwa bado, lakini sanduku la Langas lilikuwa tayari. Nilipiga simu nikiwa nimejifungia nyumbani. "Mama, programu iko aje?" Akasema, "Iko. Kwani kuna nini?"

Binti ya dada yangu aliwasilisha kazi yake Jumatatu. Alipata 8 kati ya 10. Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba maelezo ni mazuri lakini hakutaja umbali wa MAN.

Juzi nilipita Langas kubadilisha betri. Sanduku nililikuta limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya chai, na kando kitabu cha kaunta kikiwa wazi kwenye ukurasa wa siku hiyo, jina la mwisho limeandikwa dakika chache zilizopita. Chupa ya chai niliiondoa. Kitabu sikukigusa.